Matt Talbot, Mshindi wa Kiu ya Pombe

Mwaka 1856, katika mji wa Dublin, nchi ya Ireland, alizaliwa mtoto jina lake Matt Talbot. Wazazi wake walikuwa maskini wenye watoto 12. Alipofikia miaka 12 hivi alipata kazi kwa mwuza mvinyo, na huko akajifunza kunywa. Kabla hajawa mtu mzima pombe ilikwisha kumfanya mtumwa. Mshahara wake wote uliishia humo. Siku moja yeye na wenzake walimwibia maskini mmoja zeze lake, wakaliuza wapate kunywa.

Mwaka 1884 alisimama karibu na nyumba ya pombe bila fedha, akitumaini kunyweshwa na rafiki aliowanywesha mara nyingi. Wote wakampita. Moyo ukamchoma. Akaenda kwa padri, akaungama, akaahidi kuacha pombe kwa miezi 3 tu, maana hakuthubutu kuahidi zaidi.

Miezi hiyo ilikuwa vita. Kiu iliamka palepale ilipozoea kushibishwa: saa ya kutoka kazini, mlangoni pa wauza pombe, fedha zikiwapo mfukoni. Basi Matt hakuzitumainia nguvu zake, bali aliviepuka vishawishi kimoja kimoja. Alfajiri alihudhuria Misa kabla ya kazi. Jioni, wenzake walipokwenda kunywa, yeye alikwenda kusali katika kanisa la mbali. Siku moja tamaa ilimvuta hata akaingia katika nyumba ya pombe. Lakini watu walikuwa wengi, wala hakuna aliyemhudumia. Akatoka upesi, akakimbilia kanisani. Tangu siku ile hakutembea tena na fedha.

Miezi 3 ilipotimia aliahidi miezi 6, kisha maisha yake yote. Akalipa madeni yake. Mwenye zeze alimtafuta asimwone, akamtolea sadaka ya Misa.

Alifariki tarehe 7 Juni 1925, njiani akienda Misa. Kwa miaka 41 hakuonja pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Wapenzi wakatekumeni, aliyefungwa na pombe au bangi asingoje kwanza kuwa hodari. Aache njia, saa na urafiki unaoamsha tamaa. Aahidi kidogo, aombe neema kila siku, na akianguka ainuke. Mungu humsaidia mnyenyekevu anayekimbia hatari.