Mwalimu wa Hesabu Aliyeitunza Pasaka

Kila mwaka kalenda mpya inapotundikwa ukutani katika nyumba za Wakristo, tangu Shinyanga na Kahama hata Geita, sikukuu ya kwanza kutafutwa ni Pasaka. Mchimbaji wa dhahabu aliye kwenye duara ataka kujua ni lini arudi kwao. Mama ataka kujua Jumatano ya Majivu itaangukia juma gani. Noeli haina swali hilo, maana haihami. Pasaka huhama, na pamoja nayo Kwaresima, Kupaa Bwana na Pentekoste. Wako vijana wanaodhani kwamba wakubwa wa Kanisa huichagua tarehe hiyo kama wapendavyo. Kwa ajili yao twasimulia leo maisha ya Padre Christopher Clavius.

Alizaliwa Bamberg, Ujerumani, mwaka 1538. Mwaka 1555 alipokelewa Roma katika Shirika la Yesu, Mtakatifu Inyasi wa Loyola angali hai. Akapelekwa Coimbra, Ureno, kusoma, na huko mwaka 1560 aliona jua likipatwa kabisa, giza likaingia mchana. Akarudi Roma, akafundisha hesabu katika chuo cha Wajesuiti kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwanafunzi wake mmoja, Matteo Ricci, aliipeleka elimu hiyo mpaka China.

Siku hizo Kanisa lilikuwa na shida. Kanuni ilijulikana: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia tarehe 21 Machi. Lakini kalenda ya Julius Caesar ilihesabu mwaka kuwa mrefu kupita kiasi kwa dakika kama 11. Dakika 11 ni kitu gani? Hazitoshi hata kuivisha ugali wa nyumba kubwa. Walakini, tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, dakika hizo zilikuwa zimekusanyika zikawa siku 10, na Pasaka ikaanza kuachana na majira yake.

Tabibu mmoja wa Calabria, Aloysius Lilius, alibuni njia ya kuirekebisha kalenda, akafa mwaka 1576 kabla ya kuona matunda. Clavius alikuwa mmoja wa wataalamu waliowekwa na Papa Gregori XIII kuichunguza njia hiyo. Mwaka 1582 Papa akaamuru: baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba, kesho yake iwe Ijumaa tarehe 15.

Kelele zikazuka. Nchi nyingi zilikataa kwa sababu tu amri imetoka Roma. Uingereza ilingoja mpaka mwaka 1752, na Urusi mpaka 1918. Wataalamu nao waliandika kuipinga, hata Wakatoliki wengine. Clavius hakuwaambia watii tu. Mwaka 1603 alitoa kitabu kikubwa kinachoeleza kila hatua ya hesabu, ili mwenye shaka apime mwenyewe.

Nasi tupime. Miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana Idi ya jirani zetu Waislamu hutangulia kila mwaka. Twaa mwaka 2026, ugawe kwa 19: hubaki 12. Zidisha kwa 11, ongeza 29: ni 161. Gawa kwa 30: hubaki 11, yaani umri wa mwezi mwanzoni mwa mwaka. Toa 11 katika 44: ni 33. Hesabu siku 33 kuanzia tarehe 1 Machi, utafika tarehe 2 Aprili, siku ya mwezi mpevu. Jumapili inayofuata ni tarehe 5 Aprili: ndiyo Pasaka. Ukipata chini ya 21, ongeza 30. Na mara chache huondolewa siku moja. Hesabu hii yafaa mpaka mwaka 2199.

Katika uzee wake, Clavius aliletewa habari za mambo mapya aliyoyaona Galileo mbinguni kwa darubini. Hakubadili fundisho lake kwamba dunia imesimama katikati, na katika hilo alikosea; lakini aliyoyaona kwa macho hakuyakana. Alifariki Roma mwaka 1612.

Leo kompyuta huitoa tarehe ya Pasaka kwa kufumba na kufumbua. Lakini kompyuta haichagui. Hufuata maagizo iliyoandikiwa, na maagizo hayo ni hatua zile zile za Lilius na Clavius.

Basi, enyi wazazi, mtoto akisema kwamba hesabu hazimfai mcha Mungu, mpeni karatasi na kalamu jioni hii, atafute Pasaka ya mwaka ujao, kisha ailinganishe na kalenda ya ukutani. Atajua kwamba sikukuu inayohama imesimama juu ya kanuni isiyohama, na kwamba Kanisa halikuona haya kusahihisha kosa la dakika 11.