Augustus Pugin na Wanawe: Familia Iliyojenga Nyumba za Mungu

Miongoni mwa walei waliolitumikia Kanisa kwa vipaji vyao, hatuna budi kumkumbuka Augustus Welby Pugin, msanifu majengo wa Uingereza. Alizaliwa London tarehe 1 Machi 1812. Baba yake, Mfaransa aliyehamia nchini humo, alikuwa mchoraji wa majengo ya kale, na ndiye aliyemfundisha kazi.

Kabla ya kutimiza miaka 25, Pugin alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Sheria ya mwaka 1829 ilikuwa imewaondolea Wakatoliki vikwazo vingi, lakini ubaguzi haukwisha: mwaka 1843 Chuo cha Balliol, Oxford, kilikataa michoro yake kwa sababu ya imani yake. Hakurudi nyuma. Aliamini kwamba kanisa lenyewe ni katekesi, na kwamba altare, kisima cha ubatizo na madirisha ya rangi humfundisha hata asiyejua kusoma. Ndivyo alivyojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Chad, Birmingham, lililotabarukiwa mwaka 1841, na kanisa la Mtakatifu Giles, Cheadle. Mapambo ya ndani ya Bunge la Uingereza nayo ni kazi yake.

Huko Ramsgate, kando ya bahari, alianza mwaka 1845 kujenga kanisa kwa fedha zake mwenyewe, jirani na nyumba yake. Aliliweka chini ya Mtakatifu Augustino wa Canterbury, mmisionari aliyetua karibu na hapo mwaka 597.

Tungekosea tukiisifu bidii yake na kuinyamazia gharama yake. Wake wawili walimtangulia kaburini. Alifanya kazi bila kipimo, karibu peke yake, hata afya na akili vikamsaliti. Alifariki tarehe 14 Septemba 1852, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, akiwa na miaka 40, akazikwa katika kanisa hilo ambalo hakulikamilisha. Mnara wake haukupata kilele alichokichora hadi leo.

Mwanawe Edward, kijana wa miaka 18, akaupokea mzigo. Alisanifu makanisa zaidi ya mia moja, lakini alifilisika na kufariki mwaka 1875. Wadogo zake Cuthbert na Peter Paul wakaiendeleza kampuni kwa jina la Pugin & Pugin, wakajenga makanisa mengi, hasa kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Peter Paul alikuwa na mwaka mmoja tu baba yao alipofariki. Baada yake, mwaka 1904, kazi ikapita kwa mpwa wao, Sebastian Pugin Powell.

Nasi tunajenga makanisa ambayo huenda tusiyaone yamekamilika. Tuchange kwa moyo, tuwafundishe vijana wetu kazi, wala tusimwachie mtu mmoja mzigo wa parokia nzima. Tena, tunapoingia kusali, tuwaombee marehemu waliotujengea.