Ralph Bunche

Ralph Johnson Bunche (Detroit, Michigan, 7 Agosti 1904 – New York, 9 Desemba 1971) alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa na mwanadiplomasia wa Marekani aliyeutumikia Umoja wa Mataifa kwa takriban miaka 25. Anajulikana hasa kama mpatanishi katika vita vya kwanza kati ya Israeli na nchi za Kiarabu (1948–1949). Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950, akawa mtu mweusi wa kwanza duniani kupata Tuzo ya Nobel.

Mikataba aliyoisimamia ilinyamazisha bunduki, lakini haikumaliza mgogoro wenyewe. Mistari iliyochorwa wakati huo kwenye ramani ingali inatajwa hadi leo katika kila mazungumzo kuhusu mipaka ya Israeli na Palestina.

Maisha ya awali

Bunche alizaliwa katika familia ya Wamarekani weusi. Baba yake, Fred, alikuwa kinyozi, na mama yake, Olive, alipenda muziki. Baadhi ya kumbukumbu hutaja kwamba alizaliwa mwaka 1903. Kwa sababu ya afya ya mama, familia ilihamia Albuquerque, New Mexico, lakini mama alifariki mwaka 1917. Baba alikuwa amekwisha kuondoka, hivyo watoto walilelewa na bibi yao, Lucy Johnson, mwanamke aliyezaliwa utumwani. Bibi huyo aliwahamishia Los Angeles na kusimamia masomo ya mjukuu wake kwa uthabiti.

Bunche alisoma huku akifanya kazi ndogondogo, kama vile kuuza magazeti na kufanya usafi. Mwaka 1927 alihitimu Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwa wa kwanza katika darasa lake; pia alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa nafasi ya masomo ya juu, na watu weusi wa Los Angeles walimchangia dola 1,000 za kujikimu.

Kuanzia mwaka 1928 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, ambako alianzisha idara ya sayansi ya siasa. Mwaka 1930 alimwoa Ruth Harris, na walipata watoto watatu. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu kutoka Harvard. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo katika sayansi ya siasa.

Utafiti wake ulilinganisha utawala wa Wafaransa katika nchi mbili jirani za Afrika Magharibi: Dahomey (leo Benin), iliyokuwa koloni la kawaida, na Togo, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Bunche alitaka kujua kama usimamizi huo wa kimataifa uliwapa wenyeji nafuu yoyote. Aliona kwamba tofauti ilikuwa ndogo. Palestina nayo wakati ule ilikuwa chini ya udhamini wa namna hiyo, mikononi mwa Uingereza.

Safari ya Afrika

Kati ya miaka 1936 na 1938 Bunche aliongeza masomo ya anthropolojia. Mjini London alikutana na Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma huko kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Kenyatta alimfundisha Kiswahili. Baada ya kukaa Afrika Kusini kwa miezi kadhaa, Bunche alifika Kenya mwaka 1938 na kukaa miongoni mwa Wakikuyu, akiandika habari za maisha yao chini ya ukoloni.

Aliporudi Marekani alishirikiana na Gunnar Myrdal wa Uswidi katika uchunguzi mkubwa kuhusu hali ya watu weusi nchini humo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliajiriwa na serikali kama mtaalamu wa Afrika. Mwaka 1945 alihudhuria mkutano wa San Francisco na kushiriki katika kuandika sehemu za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu makoloni na nchi za udhamini. Mwaka uliofuata alihamia Umoja wa Mataifa na kuongoza idara iliyosimamia nchi za udhamini, zikiwemo Tanganyika na Ruanda-Urundi.

Kamati ya Palestina ya mwaka 1947

Mwanzoni mwa mwaka 1947 Uingereza ilipeleka suala la Palestina katika Umoja wa Mataifa. Tangu tamko la Balfour la mwaka 1917, serikali ya Uingereza ilikuwa imeahidi kusaidia kuundwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi nchini humo, bila kudhuru haki za kiraia na za kidini za wakazi wengine, ambao wengi wao walikuwa Waarabu. Ahadi hizo mbili hazikupatana. Waarabu waliasi kati ya miaka 1936 na 1939 wakipinga utawala wa Uingereza na uhamiaji wa Wayahudi. Baadaye, Wanazi walipokuwa wameua Wayahudi wapatao milioni 6 Ulaya, manusura wengi walitafuta njia ya kuingia Palestina, nao Waingereza waliwazuia. Wakati huo nchi ilikuwa na Waarabu milioni 1.2 hivi na Wayahudi wapatao 600,000.

Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya nchi 11, na Bunche aliwekwa katika sekretarieti yake. Alikuwa mgeni katika suala hili. Katika majira ya joto ya mwaka 1947 alizunguka Palestina pamoja na kamati, akasikiliza mashahidi na kusoma nyaraka. Viongozi wa Kiyahudi walitoa ushahidi kwa wingi. Kamati Kuu ya Waarabu wa Palestina ilisusia, kwa hoja kwamba haki ya wenyeji juu ya nchi yao si jambo la kuchunguzwa na wageni. Ilibidi kamati iende Lebanon ili kusikia maoni ya serikali za Kiarabu.

Wanakamati waligawanyika. Wajumbe wa nchi 7 walipendekeza nchi igawanywe kuwa dola mbili, moja ya Kiarabu na moja ya Kiyahudi, huku Yerusalemu ikiwa chini ya usimamizi wa kimataifa. India, Iran na Yugoslavia zilipendekeza dola moja ya shirikisho. Australia haikuunga mkono upande wowote. Bunche ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya uandishi wa mapendekezo yote mawili, hivyo alilazimika kueleza kila hoja kwa nguvu zake zote. Yeye mwenyewe alikuwa na shaka kama kungeweza kupatikana suluhisho ambalo pande zote zingelikubali.

Tarehe 29 Novemba 1947 Mkutano Mkuu ulipitisha mgawanyo kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia kupiga kura. Viongozi wa Kiyahudi waliukubali; Wapalestina na nchi za Kiarabu waliukataa. Mapigano yalianza mara moja kati ya jamii hizo mbili. Dola la Israeli lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na siku iliyofuata majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yaliingia vitani.

Kuuawa kwa Bernadotte

Mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ulimteua Folke Bernadotte wa Uswidi kuwa mpatanishi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Makao yao yalikuwa katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Walifanikiwa kusimamisha mapigano kwa wiki nne kuanzia tarehe 11 Juni. Vita vilipoanza tena mwezi Julai, waliyasimamisha kwa mara ya pili. Wanajeshi wasio na silaha waliotumwa kuangalia utekelezaji walikuwa mwanzo wa kazi ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa.

Bernadotte alipendekeza mabadiliko ya mipaka, na pia kwamba wakimbizi Waarabu wawe na haki ya kurudi makwao. Tarehe 17 Septemba 1948 aliuawa kwa risasi mjini Yerusalemu na watu wa Lehi, kundi la Kiyahudi lenye msimamo mkali. Pamoja naye alikufa kanali Mfaransa, André Sérot, aliyekuwa ameketi kando yake garini. Bunche alitarajiwa kuwa katika msafara huo, lakini alikuwa amecheleweshwa njiani.

Umoja wa Mataifa ulimpa Bunche jukumu la marehemu, akiwa kaimu mpatanishi. Miezi iliyofuata mapigano yalizuka tena kusini, na Israeli iliteka sehemu kubwa ya jangwa la Negev. Kikosi cha Wamisri wapatao 4,000 kilizingirwa Faluja. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Gamal Abdel Nasser, aliyekuja kuwa rais wa Misri. Tarehe 16 Novemba Baraza la Usalama lilizitaka pande zote zifanye mazungumzo ya mikataba ya kusimamisha vita.

Mazungumzo ya Rhodes

Mazungumzo kati ya Misri na Israeli yalianza tarehe 13 Januari 1949 katika hoteli moja ya Rhodes ambamo wajumbe wa pande zote walikaa. Misri haikuitambua Israeli, na kuketi meza moja kulikuwa tatizo la kwanza. Bunche alianza kwa kukutana na kila upande peke yake, kisha akawakutanisha viongozi wa wajumbe chumbani kwake, na hatimaye wote kwa pamoja.

Hakuanza na mambo mazito. Kwanza aliomba wakubaliane juu ya orodha ya mambo ya kujadiliwa, kisha juu ya ahadi ya kutoshambuliana wakati wa mazungumzo, ili pande zote zizoee kutia saini kitu kimoja. Kila kifungu kiliandikwa, kikafutwa na kuandikwa upya, mara nyingi hadi usiku wa manane. Nyakati za mapumziko alicheza biliadi na wajumbe. Inasimuliwa pia kwamba aliagiza mapema sahani za kauri za ukumbusho, akawaonyesha wajumbe na kuwaambia kwa utani kwamba wakishindwa kuafikiana atawavunjia vichwani.

Mkataba wa Misri na Israeli ulitiwa saini tarehe 24 Februari 1949, baada ya karibu wiki sita, na kikosi cha Faluja kikaruhusiwa kurudi kwao. Lebanon ilifuata tarehe 23 Machi, Yordani tarehe 3 Aprili na Syria tarehe 20 Julai. Iraki iliondoa majeshi yake bila kutia saini.

Yaliyobaki bila kutatuliwa

Kwa mikataba hiyo Israeli ilibaki na takriban asilimia 78 za eneo la Palestina ya zamani, wakati mpango wa mwaka 1947 ulikuwa umeipa zaidi kidogo ya nusu. Ukanda wa Gaza ulikuwa chini ya Misri, na Ukingo wa Magharibi chini ya Yordani. Mstari uliotenganisha majeshi uliitwa baadaye Mstari wa Kijani. Mikataba yenyewe ilieleza kwamba mstari huo ulikuwa wa kijeshi na haukuamua mipaka ya kudumu.

Wapalestina hawakuwa na ujumbe wao Rhodes, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya serikali zenye majeshi vitani. Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa makwao. Mnamo Desemba 1948 Mkutano Mkuu ulikuwa umeamua kwamba wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na kazi hiyo ilikabidhiwa kwa tume nyingine iliyoshindwa kuikamilisha. Bunche alitarajia kwamba mikataba ya amani ingefuata upesi, haikufuata. Mkataba wa kwanza wa amani kati ya Israeli na nchi ya Kiarabu ulitiwa saini na Misri mwaka 1979, miaka 8 baada ya kifo chake.

Tuzo ya Nobel na miaka ya baadaye

Bunche alipopewa Tuzo ya Nobel alifikiria kuikataa, akiamini kwamba alikuwa ametimiza tu wajibu wake wa kazi. Katibu Mkuu Trygve Lie alimshawishi aipokee kwa ajili ya heshima ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1949 alikuwa amekataa cheo cha juu katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kwa sababu hakutaka familia yake irudi kuishi chini ya ubaguzi wa rangi mjini Washington.

Baada ya vita vya Mfereji wa Suez vya mwaka 1956 alisimamia kuundwa kwa kikosi cha kwanza cha walinda amani wenye silaha, kilichowekwa kati ya Misri na Israeli. Mwaka 1960 aliongoza shughuli za Umoja wa Mataifa nchini Kongo katika wiki za kwanza baada ya uhuru. Nchini Marekani alishiriki maandamano ya haki za kiraia, yakiwemo ya Washington mwaka 1963 na ya Selma hadi Montgomery mwaka 1965.

Mnamo Mei 1967 Nasser, ofisa wa zamani wa Faluja, alidai kikosi cha walinda amani kiondoke Misri. Katibu Mkuu U Thant alikubali, na tarehe 5 Juni Vita vya Siku Sita vilianza. Israeli iliteka Gaza, Sinai, Ukingo wa Magharibi na milima ya Golan, na mistari ya Rhodes haikutenganisha tena majeshi. Lilikuwa pigo kubwa kwa Bunche.

Kifo na kumbukumbu

Bunche aliugua kisukari kwa miaka mingi na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Aliacha kazi mwaka 1971 na kufariki tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York.

Bustani iliyo mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York imepewa jina lake. Shirika la waangalizi alilolisimamia tangu mwaka 1948 lingali lina makao yake Yerusalemu. Ndilo kongwe kuliko yote ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa.