Imamu Nawawi

Imamu Nawawi (jina kamili: Yahya bin Sharaf an-Nawawi, 1233 - 1277) alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu kutoka Syria, mtaalamu wa hadithi na wa sheria za madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Maisha

Alizaliwa Nawa, mji mdogo kusini mwa Dameski. Baba yake alimweka dukani, lakini kijana alipenda Kurani kuliko biashara. Mwaka 1251 alipelekwa Dameski kusoma katika madrasa ya Rawahiya, na kuanzia 1267 aliongoza chuo cha hadithi cha Ashrafiya. Hakuoa. Alimwandikia Sultani Baybars kupinga mali za raia kuchukuliwa na dola, jambo la hatari wakati ule. Alifariki Nawa akiwa na umri wa miaka 44.

Minhaj at-Talibin

Kitabu hiki cha sheria ni muhtasari wa al-Muharrar cha ar-Rafii. Kimegawanywa katika vitabu, milango na vifungu, kama vingine vya zamani. Upya wake uko katika istilahi, ambazo Nawawi anazieleza tangu dibaji. Neno azhar au mashhur linaonyesha kwamba kauli zinazopingana ni za Imamu Shafii mwenyewe. Asahh au sahihi, kwamba ni rai za wafuasi wake. Azhar na asahh hutumika pale ambapo upande wa pili nao una nguvu. Mashhur na sahihi, pale ulipo dhaifu. Kwa hiyo neno moja humwambia kadhi nani alisema, na kwa uzito gani.

Nyongeza zake mwenyewe huzianza kwa neno qultu (yaani nimesema) na kuzifunga kwa wallahu aalam. Hati za mkono hazikuwa na alama za kufungua na kufunga maneno. Bila mipaka hiyo, msomaji angemhesabia ar-Rafii hukumu isiyo yake. Tena, kwa kuwa mipaka ni maneno na si rangi ya wino, ilinakiliwa pamoja na matini.

Afrika Mashariki

Minhaj na sharhe zake zilitegemewa na makadhi wa Kishafii wa Unguja, Mombasa na Lamu katika mirathi, talaka na wakfu. Wakati wa ukoloni majaji Waingereza walitumia toleo la E. C. Howard la mwaka 1914, lililotolewa katika Kifaransa cha L. W. C. van den Berg. Jaji asiyejua Kiarabu alikuwa anasoma tafsiri ya tafsiri, na katika safari kama hiyo tofauti ya azhar na asahh hupotea kwa urahisi.

Nje ya mahakama Nawawi anafahamika zaidi kwa Riyadh as-Salihin na Arubaini, ambayo, licha ya jina lake, ina hadithi 42.