Candi Rureke: Msimulizi wa Walikale aliyeifikisha hadithi ya Mwindo duniani

Wachora katuni wa Marekani wamekuwa wakimuumba upya Superman tangu alipotokea mwaka 1938. Mwanzoni hakuweza kupaa, aliruka tu juu ya majengo. Mwaka 1986 mchoraji John Byrne aliiandika upya hadithi yake tangu kuzaliwa.

Kazi kama hiyo ilifanywa kwa vizazi vingi katika misitu ya Walikale, Kivu Kaskazini, bila karatasi wala wino. Bingwa wake anayejulikana zaidi ni Candi Rureke, mzee wa kabila la Wanyanga kutoka kijiji cha Bese.

Shujaa wake aliitwa Mwindo. Baba yake, mtemi Shemwindo, alikuwa amepiga marufuku wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa akicheka, akizungumza na kutembea, mkononi ameshika usinga wenye nguvu za ajabu.

Baba akajaribu kumuua kwa mkuki, akamzika hai, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Kila mara kijana alitoka salama. Wajomba zake wahunzi walimvika mavazi ya chuma, naye akamfuata baba yake hadi kuzimu.

Siku 12 za kusimulia

Kwa desturi ya Wanyanga, kijana hujifunza utambaji kwa kufuatana na mzee kwa miaka mingi, akimpigia vijiti na kuitikia nyimbo. Anayehitimu huitwa She-karisi. Karisi ni jina la utenzi wenyewe na pia la mzimu unaoaminiwa kumlinda msimulizi dhidi ya maradhi na kifo. Rureke alikuwa na cheo hicho.

Hadithi haikuwa ikisimuliwa yote kwa mpigo. Watu walisikiliza kipande leo na kingine siku nyingine, na msimulizi alirefusha au kufupisha kulingana na waliokuwa mbele yake.

Mwaka 1956, enzi ya Kongo ya Wabelgiji, mtafiti Daniel Biebuyck alimwomba Rureke aisimulie kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee alikubali. Kwa siku 12 aliimba, akacheza na kuigiza mbele ya umati, hadi sauti na mikono vikamchoka. Biebuyck na wasaidizi wake waliandika kwa mkono, na mara nyingine Rureke alikatiza wimbo kumhimiza mwandishi asonge mbele.

Kitabu kilichapishwa Marekani mwaka 1969, kikiwa kimehaririwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha tenzi nyingine tatu za Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine. Shujaa ni yuleyule, lakini kila mmoja alimjenga kwa namna yake.

Shujaa anayefundishwa

Mwindo wa Rureke ni mwenye majivuno. Hata hivyo, anapomkamata baba yake hamuui. Wanapatana na kugawana nchi. Baadaye anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba anampeleka mbinguni kwa mwaka mmoja, anapigwa na mvua, jua na baridi, kisha anarudi akiwa mtawala mpole mwenye sheria.

Mwaka 2008 mwandishi Mmarekani Aaron Shepard aliwatolea watoto kitabu kinachomtaja Mwindo kama shujaa wa aina ya Superman.

Nyumbani hali ni nyingine. Machafuko yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 yalisambaa hadi Masisi, na vita vilivyofuata vimewafukuza maelfu kwa maelfu ya watu vijijini. Kambini hakuna uwanja wa kijiji wala mzee wa kufuatana naye kwa miaka. Mtoto wa Walikale anaweza kukua akimjua Superman bila kumsikia Mwindo, ingawa maneno ya Rureke yamehifadhiwa kwa Kinyanga, neno kwa neno.