Rembrandt na Rangi ya Udongo

Rembrandt, mwana wa msaga nafaka, alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1606. Huko Amsterdam alipata sifa, mali na wanafunzi wengi. Lakini mwaka 1656 alifilisika, nyumba na vitu vyake vikauzwa. Hata hivyo hakuiacha brashi. Katika picha iitwayo Bibi Arusi wa Kiyahudi, aliyoichora baada ya msiba huo, gauni lenye wekundu uliokoza limezungukwa na hudhurungi ya udongo. Hudhurungi hiyo hutuliza macho, na wekundu ukawaka kama kaa. Alifariki mwaka 1669, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Mwalimu mwenzangu, usivunjike moyo rangi zikipungua darasani: udongo u karibu, nao huipa nyekundu nguvu.