Henrietta Lacks: Seli zake zilizunguka dunia, familia yake haikuambiwa kitu

KAMA una dada mdogo aliyedungwa chanjo ya HPV, kuna mwanamke mmoja anafaa kumshukuru. Alikuwa mkulima wa tumbaku, mama wa watoto watano, na alifariki 1951 akiwa na miaka 31 pekee. Jina lake ni Henrietta Lacks. Wanasayansi walimjua kwa herufi nne tu: HeLa.

Alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Mamake alifariki akijifungua 1924. Babake hangeweza kulea kikosi chote peke yake, hivyo akawagawia jamaa zake kule Clover. Henrietta akaangukia kwa babu yake, kwenye nyumba ya magogo ambamo zamani walilala watumwa. Humo ndimo alimolelewa pia binamu yake David, ambaye wote walimwita Day.

Maisha yalikuwa jembe na tumbaku. Shule aliiachia darasa la sita. Mtoto wa kwanza alimpata akiwa na miaka 14, na 1941 yeye na Day wakafunga ndoa. Baadaye wakahamia Turner Station, mtaa wa watu weusi karibu na jiji la Baltimore, Day akaingia kazi kwenye kiwanda cha chuma. Hii stori unaijua: shamba halilipi, mtu anafunga virago anaenda kujaribu bahati mjini. Jamaa yeyote aliyetoka ushago kusaka kibarua alipata kwake sahani ya chakula na mahali pa kulala.

Januari 29, 1951 Henrietta alienda hospitali ya Johns Hopkins. Alikuwa anavuja damu, na kwa muda mrefu alihisi uvimbe ndani yake. Hospitali hiyo ilikuwa kati ya chache zilizotibu watu weusi maskini, tena kwenye wodi zao za kando. Vipimo vilionyesha saratani ya mlango wa kizazi.

Matibabu ya wakati huo yalikuwa radiamu. Siku ya kuwekewa, akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari alikata vipande viwili vidogo: kimoja cha uvimbe, kingine cha sehemu isiyo na ugonjwa. Hakuulizwa. Hakuna sheria iliyosema lazima aulizwe, na kwa wagonjwa wa wodi za umma hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Vipande vilipelekwa kwa mtafiti George Gey, aliyekuwa amehangaika kwa miaka akijaribu kuotesha seli za binadamu nje ya mwili. Zote zilikuwa zinakufa baada ya muda mfupi. Za Henrietta zilikataa kufa. Kila baada ya saa 24 hivi zilikuwa zimeongezeka maradufu. Gey akaanza kuwagawia wenzake bure, na wenzake wakawagawia wengine.

Mwenye seli alifariki Oktoba 4 mwaka huo huo, kitinda mimba wake akiwa bado hajafikisha mwaka mmoja. Alizikwa Clover kwenye kaburi lisilo na jiwe wala jina. Jiwe liliwekwa 2010.

Sasa angalia zile seli zilifanya nini. Zilizalishwa kwa wingi kusaidia kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk. Zilitumwa anga za juu. Mwaka wa 1965, wanasayansi wa Uingereza waliziunganisha na seli za panya, mbinu iliyofungua njia ya kujua jeni ipi iko kwenye kromosomu ipi. Miaka ya themanini, Mjerumani Harald zur Hausen na timu yake walipata ndani yake kirusi cha HPV aina ya 18, mmoja wa washukiwa wakuu wa saratani iliyomuua Henrietta mwenyewe. Utafiti huo ulimpa zur Hausen tuzo ya Nobel 2008 na ukazaa chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo 2019.

Kwa hivyo yeyote anayesema bayoteknolojia ni ushetani mtupu, mwambie atulie kidogo. Kuna watu wako hai kwa sababu ya mama huyu.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio unauma.

Familia ilikuja kujua kuhusu seli hizo 1973, zaidi ya miaka 20 baada ya mazishi. Na haikuambiwa kwa heshima. Seli za HeLa zilikuwa zimevamia sampuli nyingine maabarani, na watafiti walihitaji damu ya watoto wake ili kuzitofautisha. Watoto wakatoa damu wakidhani wanapimwa kansa. Binti yake Deborah alisubiri majibu kwa hofu, akijua mamake alifariki akiwa bado kijana.

Gey hakuuza seli hizo. Ila kampuni zilikuja kuziuza, chupa kwa chupa, huku baadhi ya watoto wa Henrietta wakikosa hata bima ya afya. Seli za mama ziko kwenye kila maabara kubwa, na mtoto wake anaogopa bili ya daktari.

Mwaka wa 2013 yakajirudia. Watafiti nchini Ujerumani walisoma jenomu nzima ya HeLa wakaianika mtandaoni bila kuuliza mtu. Na jeni si za mtu mmoja. Nusu ya za mama ziko kwa mwanawe, kiasi kwa mjukuu. Ukianika za marehemu umewaanika walio hai, na magonjwa yanayoweza kuwapata. Familia ililalamika, data ikaondolewa, na makubaliano yakafikiwa na taasisi ya afya ya Marekani, NIH: anayetaka jenomu hiyo aombe, na jamaa za Henrietta wawe kwenye kamati inayoamua. Ona basi, utafiti haukusimama. Kuuliza hakukuua sayansi.

Mnamo Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilimtunuku Henrietta heshima, ikapokewa na mwanawe mkubwa, Lawrence. Mwezi huo huo familia iliishtaki kampuni ya Thermo Fisher kwa kufaidika na seli hizo. Walielewana nje ya mahakama, wakatangaza Agosti 1, 2023. Kiasi kilichotolewa ni siri yao.

Siku iliyofuata, hapa Nairobi, serikali ilisimamisha Worldcoin. Unakumbuka foleni za KICC, vijana wakikaguliwa mboni za macho kwa takriban Sh7,000. Mboni si seli, na safari hii watu walilipwa. Lakini swali ni lile lile: ukishatoa kitu cha mwili wako, nani anakaa nacho, na atakifanyia nini kesho?

Sisi tuna bahati ambayo Henrietta hakuwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Lakini sheria haiwezi kukusomea fomu. Wakikuomba mate au damu ya utafiti, uliza: sampuli itahifadhiwa wapi? Itauzwa? Nikibadilisha nia, mtaitupa? Kisha piga simu nyumbani uwaambie, kwa sababu jeni unazopeana ni zao pia.

Ukiridhika na majibu, toa. Dunia inahitaji hizo seli. Henrietta hakupata hata nafasi ya kusema ndiyo.